Mkono Usio wa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akachemsha chai, kisha akajifungia chumbani na mashine ya kupima presha. Alijifunga ule mkanda mpana mkononi, akabonyeza kitufe, akatulia huku mkanda ukijaa upepo na kumbana. Ulipolegea, namba zilitokea kwenye kioo kidogo cha mashine. Alizinakili kwenye simu ya nyumbani na kuzituma kituo cha afya. Haikupita muda simu ikajibu: "Asante. Vipimo vya Bibi vimepokelewa."

Chiriku hakuwa na presha. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye mbio zilizowashinda wavulana wengi wa darasa lake. Mwenye presha alikuwa bibi yake, ambaye wakati huo alikuwa chumba cha mbele akitia uzi kwenye sindano, na mkono wake haukuwa umeguswa na mashine yoyote.

Msiwe wepesi wa kumlaumu. Jambo hili halikuanza kwa nia mbaya, wala hakulianza peke yake.

Kwanza mjue kwamba jina la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe kwa sababu ya domo lake. Mtoto huyo alikuwa akizungumza tangu anapoamka mpaka usingizi unamchukua neno likiwa mdomoni. Bibi alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Mama alifungasha sabuni kiwandani. Aliondoka asubuhi kabla jua halijatoka, akarudi amechoka hoi.

Bibi alipogundulika kuwa na presha, Mama alikuwa akiomba ruhusa kazini kila mara ili ampeleke kupimwa. Walipanga foleni tangu asubuhi mpaka mchana, na mara nyingine walirudi bila kumwona daktari. Kwa hiyo kituo cha afya kilipoanzisha huduma ya kuwafuatilia wagonjwa kwa simu, Mama alifurahi karibu alie. Kila mgonjwa aliazimwa mashine. Angejipima nyumbani, angetuma vipimo kwa simu, na muuguzi angeviangalia na kumpigia iwapo kuna tatizo. Muuguzi mwenyewe, mama mmoja mcheshi, wagonjwa walimwita Nesi wa Simu.

"Kazi ya kupima na kutuma ni yako," Mama alimwambia Chiriku. "Mimi siku nzima niko kiwandani, na Bibi hasomi. Nakutegemea wewe, mwanangu."

"Usijali, Mama," Chiriku alisema, kifua mbele.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bibi alinyoosha mkono huku akinung'unika kwamba mashine inambana kuliko deni, Chiriku akacheka, vipimo vikatumwa. Kisha ikaja siku ambayo umeme wa nyumbani ulikatika. Chiriku aliipeleka simu kwa kinyozi wa nyumba ya pili ili ichajiwe. Simu ikalia. Kinyozi, mtu mwema lakini asiyejua kunong'ona, aliipokea ili asaidie.

"Wewe ni wa nyumbani kwa Bibi?" Nesi wa Simu aliuliza.

"Ndiyo, ni wa hapa hapa," alijibu kinyozi.

"Basi mwambie presha yake iko juu sana. Asiache dawa hata siku moja, anaweza kuanguka wakati wowote."

"Kuanguka wakati wowote!" kinyozi alirudia kwa sauti, mashine ya kunyolea mkononi, na kinyozini palijaa watu.

Kufikia jioni hapakuwa na mtu mtaani asiyejua. Waliokuja kumpa Bibi pole walikuwa wengi kuliko waliokuja kushonesha. Mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anakaribia kuolewa alikuja kuchukua kitambaa cha gauni la harusi, ambacho Bibi alikuwa bado hajakikata.

"Pumzika tu, Bibi," alisema huku akikikunja. "Nisije nikakutwisha mzigo, ukaniangukia katikati ya kazi."

Bibi alimtazama mpaka alipotoka, kisha akafunga mlango wa duka mchana kweupe. Chiriku hakuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Mjukuu wangu," alisema baadaye, "mimi najua kiuno cha kila mtu mtaa huu. Najua aliyenenepa, najua aliyekonda, najua aliyekuja kuficha tumbo. Umewahi kunisikia nikimtaja mtu?"

"Hapana, Bibi."

"Fundi akitangaza mwili wa mteja, huyo si fundi. Leo mwili wangu mimi umetangazwa kinyozini! Basi. Hiyo mashine sitaki kuiona mkononi mwangu tena."

"Lakini Mama ameniambia nitume kila siku. Nitatuma nini?"

"Mambo ya simu mimi siyajui, wewe ndiye msomi. Fanya unavyojua. Ila mama yako asisikie neno, maana atanililia mpaka niumwe kweli."

Hapo ndipo Chiriku alipokwama. Kutunga namba aliona ni uongo, na uongo hakuupenda. Kumwambia Mama aliona ni kumsaliti Bibi. Akawaza na kuwazua, mwisho akajifunga mkanda mwenyewe. Akajiambia kwamba angalau mashine imepima mkono wa kweli, kwa hiyo namba si za uongo. Moyoni alijua kabisa kwamba anajidanganya, lakini alijua pia kwamba Mama atafurahi, Bibi atatulia, na nyumba itakuwa na amani.

Amani ikawepo kweli. Mama alirudi kazini, akasoma jibu la kituo kwenye simu, akatabasamu na kusema, "Mungu mkubwa." Chiriku alizoea. Alifikia hatua ya kufanya jambo lile bila kuliwaza, kama anavyopiga mswaki.

Siku moja Nesi wa Simu alipiga simu wakati Mama yuko nyumbani.

"Hongereni," alisema. "Bibi ana presha ya msichana! Daktari wetu ameviangalia vipimo vyake, anasema dawa sasa zinamshusha presha kupita kiasi. Apunguze. Badala ya vidonge vya asubuhi na jioni, ameze vya asubuhi tu."

Mama alipiga vigelegele. Bibi naye alifurahi, kwa sababu vile vidonge vilimfanya akatize kazi kila mara kwenda msalani. Alimkonyeza mjukuu wake.

"Unaona?" alimnong'oneza. "Sijapimwa na nimepona."

Chiriku alicheka, kisha kicheko kikakatika. Presha ya msichana! Ndiyo, ilikuwa ya msichana. Alifungua mdomo aseme. Akamwona Mama anavyozunguka chumbani akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akaufunga. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho ilipofika akasema kesho tena.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Bibi alianza kushika kichwa. Alilalamika kwamba uzi hauonekani, kwamba siku hizi wanauza sindano zenye matundu madogo. Alishona pindo la sketi likaenda upande, akalifumua, akashona tena, likaenda upande. Chiriku aliyaona yote hayo, na kila asubuhi aliendelea kujifunga mkanda na kutuma. Domo lote lile likawa zito. Walimu wakamuuliza kama anaumwa, naye akajibu hapana.

Kisha siku moja alirudi kutoka shule, akafika karibu na nyumba, na hakusikia cherehani.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kiti chake. Mkasi ulikuwa umeanguka pembeni, naye alikuwa akijaribu kuuokota. Vidole vya mkono wa kulia viliugusa tu, vikashindwa kuushika. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

"Bibi! Una nini?"

Bibi alisema kitu, lakini maneno yalitoka mazito, yameshikana, hayaeleweki. Macho yake yalikuwa na hofu. Hofu ile Chiriku hakuwahi kuiona kwa mtu mzima, na ilimkata maini.

Alitoka mbio akipiga kelele. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya nywele, akaja, akambeba Bibi mikononi hadi barabarani. Gari la kwanza lililosimama likawachukua. Njiani Chiriku alimshika Bibi mkono wa kulia, akaubana, akangoja na wake ubanwe. Mkono wa Bibi haukubana.

Hospitali ilikuwa kwenye uwanja mmoja na kituo cha afya. Bibi aliingizwa ndani haraka. Mama, aliyepigiwa simu na kinyozi, alifika na koti la kiwandani, ananukia sabuni, kiatu kimoja hakijafungwa. Nesi wa Simu naye alikuja mbio kutoka ofisini kwake, kishikwambi cha kazi mkononi.

"Sielewi," alikuwa akisema. "Hata leo asubuhi vipimo vyake vilikuwa vizuri. Ona, Mama. Siku zote vizuri."

"Vizuri?" Mama alipaza sauti. "Mama yangu yuko mle ndani amepooza, wewe unaniambia vizuri? Mashine zenu ni mbovu! Nyie ndio mliosema apunguze dawa. Mmeniulia mama yangu!"

Ukumbi mzima wa kusubiri uligeuka kuwatazama. Kwenye mabenchi walikuwapo wagonjwa wengine wa huduma ile ile. Mzee mmoja mwenye kofia alitoa mashine yake kwenye mfuko aliobeba, akaitazama, akaiweka kwenye benchi.

"Chukueni chenu," alisema. "Mimi nitarudi kwenye foleni yangu ya zamani."

"Hata mimi," alidakia mwanamke aliyekaa nyuma yake. "Nilijua tu. Mtu atatibiwaje na simu?"

Nesi wa Simu alisimama katikati yao. Uso wake wa mzaha ulikuwa umepotea kabisa.

Chiriku alikuwa amejibana ukutani. Hakuna aliyemtazama. Wazo baya likamjia, na lilikuja taratibu, kwa upole: kaa kimya. Watu wote wameamini ni mashine. Hakuna atakayejua. Bibi mwenyewe hawezi kusema. Alipofika hapo, kwamba Bibi hawezi kusema, akabandua mgongo ukutani.

Mlango ulifunguliwa. Daktari wa zamu alitoka, akakichukua kishikwambi, akapitia vipimo huku akikunja uso.

"Presha yake sasa hivi iko juu vibaya," alimwambia muuguzi aliyekuwa pembeni yake. "Lakini kama asubuhi ya leo ilikuwa hivi, basi imepanda ghafla. Tuishushe haraka. Andaa sindano."

"Daktari," alisema Chiriku. Daktari hakumsikia. Alimvuta koti, akajaribu tena. "Daktari, na kama haikupanda ghafla?"

"Unasemaje, binti?"

"Kama ilikuwa juu siku nyingi. Utamfanyia hivyo hivyo?"

Daktari alimgeukia vizuri. "Hapana. Mwili uliozoea presha ya juu haushushwi presha kwa ghafla, damu itakosa nguvu ya kufika kichwani. Tutamwumiza zaidi. Kwa nini unauliza?"

Mama alikuwa anamtazama. Nesi alikuwa anamtazama. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Akalia, na kwa kilio hicho hicho akasema.

"Hizo namba si za Bibi. Ni zangu. Nilikuwa najipima mimi. Bibi hajapimwa tangu ile siku ya kinyozi. Mashine si mbovu. Ni mimi."

Daktari hakupoteza muda kushangaa. "Isimamishe hiyo sindano," aliamuru, akarudi ndani karibu anakimbia.

Mama alikaa kwenye benchi taratibu. Chiriku alingoja kofi, na kwa kweli alilitaka, maana aliona lingempunguzia kitu kifuani. Mama hakunyanyua mkono. Alimtazama tu mtoto wake kama anayetafuta mtu aliyemfahamu zamani.

"Nilikutegemea wewe," alisema.

Saa walizokaa pale zilikuwa ndefu kuliko zote Chiriku alizowahi kuishi. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama, kisha akakaa tena. Alimwomba Mungu, akaishiwa maneno, akaanza upya. Alijiona ameshamuua Bibi, tena kwa mkono wake mwenyewe, ule ule wa kushoto alioufunga mkanda kila asubuhi. Aliusugua kwenye sketi ya shule mpaka ngozi ikawasha.

Mwishowe daktari alitoka, akavua miwani.

"Ni kiharusi," alisema. "Yuko hai, na presha inashuka polepole kama tunavyotaka. Mkono na ulimi vitachukua muda, na siwezi kuwaahidi kwamba vitarudi vyote." Akamwinamia Chiriku. "Umechelewa sana kusema. Lakini ungechelewa zaidi kidogo tu, ningempa dawa isiyomfaa. Hilo ulijue."

Mama alifunika uso kwa koti lake la kiwandani, akalia mpaka mabega yakatikisika. Chiriku alisogea, akasita, akasogea tena. Baada ya muda mkono wa Mama ukamvuta.

Bibi alikaa wodini siku nyingi. Ulimi ulirudi kwanza, kwa shida, neno moja moja. Siku alipoweza kuongea ya kueleweka, Nesi wa Simu alikuja akaketi kando ya kitanda.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Siku ile niliongea siri yako na mtu nisiyemjua. Sikuuliza ni nani. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu imekufikisha hapa. Kuanzia sasa nikipiga simu sitasema chochote mpaka nisikie sauti yako wewe mwenyewe. Tumewaagiza wauguzi wote wafanye hivyo."

Bibi aliitikia kwa kichwa. "Kosa lako nimelisikia," alisema polepole. "Na langu lipo. Nilikasirika, badala ya kuja kukugombeza wewe, nikajifungia. Halafu nikamtwisha mtoto uongo, nikamwambia afanye anavyojua. Mtoto atajua nini?"

"Na mimi pia nilikosea, Bibi," alisema Chiriku, machozi yakimlengalenga. "Nilikuona unaumwa, na bado nikatuma."

"Ulituma," Bibi alikubali, na hakumlegezea. "Sikiliza, nikwambie kama fundi. Ukichukua vipimo vya mtu mmoja ukamshonea mwingine, nguo haitamkaa, hata mkasi wako uwe mkali vipi. Daktari hakuwa mjinga, wala mashine haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliompa mwili usio wangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na nikikwambia tena ufiche jambo la afya yangu, nikatalie. Nitakasirika, nitanuna, nitakunyima hata maongezi. Nikatalie hivyo hivyo."

Yule mzee mwenye kofia, Nesi aliwaeleza, alikuwa amerudi kuomba mashine yake baada ya kusikia ukweli. Wengine wawili watatu hawakurudi, na ilibidi Nesi awafuate nyumbani kwao mmoja mmoja.

Bibi aliporudishwa nyumbani, cherehani lilikuwa limefunikwa shuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado unalala mapajani kama si wake, na alijifunza kushika kikombe kwa wa kushoto. Asubuhi ya kwanza Chiriku alileta mashine, akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi alimnyooshea mkono wake mzima, wa kushoto, bila kuambiwa.

Mkanda ulijaa, ukabana, ukalegea. Namba zikatokea.

Chiriku alizitazama. Hazikuwa nzuri. Zilikuwa juu, mbali sana na zile alizozoea kutuma, na aliwaza Mama atakavyozisoma jioni, atakavyokaa chini na kushika kichwa. Kidole chake kilisimama juu ya simu, hakikushuka.

"Mbaya?" Bibi aliuliza.

"Mbaya, Bibi."

"Ni zangu?"

"Ni zako."

Bibi alishusha pumzi. "Zile nzuri zilikuwa zako, mjukuu wangu, na zilikuwa zinaniua. Hizi mbaya angalau ni zangu, daktari atajua pa kuanzia. Tuma."

Chiriku akatuma.